Konokono Waliopimwa Asubuhi

Kazi yangu ni konokono. Cheka tu, wameshacheka wengi. Marehemu mume wangu akiulizwa mkewe anafanya kazi gani alikuwa anajibu, "Yuko serikalini," halafu hapo hapo anageuza mazungumzo. Mtaani wananiita Mama Konokono, na nilishazoea.

Navaa mabuti ya mpira yanayofika mapajani, nashika chujio lenye mpini mrefu, naingia kwenye mfereji wa umwagiliaji nyuma ya mtaa wetu, nakung'uta majani ya ukingoni. Konokono ninaowatafuta ni wadogo, kiasi cha punje ya hindi. Ukimshika ncha ya gamba ikiwa juu, mlango wake uko kushoto. Hang'ati, hana sumu, kutwa anakwangua utelezi wa kijani kwenye mawe. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, kwa hiyo mtupe mmoja tu kwenye dimbwi tupu, baada ya miezi michache utakuta ukoo mzima. Mdogo wangu nilipomweleza hilo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe kuna viumbe wamepumzika, dada! Hakuna mume, hakuna mama mkwe!"

Ubaya wa yule konokono ni mgeni anayemkaribisha. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya mnyoo yanaanguliwa, na kinachotoka humo kinamtafuta konokono na kumwingia mwilini. Kinazaana humo wiki kadhaa, na konokono mwenyewe anakoma kutaga. Baadaye wanatoka wadudu wapya kwa mamia, wembamba kuliko uzi, wanaogelea wakitafuta ngozi ya mtu. Wakiipata wanapenya, na mwenye ngozi pengine anasikia kuwashwa kidogo tu. Tena hawatoki ovyo. Wanatoka jua likiwa kali, tangu saa nne hivi mpaka saa nane mchana, saa zile zile ambazo watu wako majini wanafua na kuoga.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kanuni ya kupima ni kwamba konokono analazwa gizani, kesho yake kila mmoja anatiwa kwenye kikombe chake cha kioo chenye maji safi, anawekwa penye jua saa nne, na saa nane ndipo unayatazama yale maji kwa darubini. Mimi nilikuwa nawatia vikombeni saa moja na nusu asubuhi, kwenye dirisha la upande wa kivuli. Saa tatu nimeshatazama, sijaona kitu, nimeandika "hakuna" kwenye daftari, nimewamwaga. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa najenga nyumba. Mafundi usipowasimamia mchana, saruji inaota miguu. Bosi aliona daftari limejaa, akaridhika. Nilifanya hivyo miaka saba, na usiuite ujinga, kwa sababu kanuni nilikuwa naijua kama jina langu. Ulikuwa uzembe mtupu.

Mdogo wangu kazi yake ilikuwa kufua mablanketi ya nyumba za wageni. Alikuwa anasimama kwenye dimbwi la lango la mfereji, maji kiunoni, tangu saa nne mpaka jua lipoe. Mwaka alioolewa aliniuliza, "Dada, yale maji hayana neno?"

Nikamjibu, "Nimeyapima kwa mkono wangu. Fua, bibi wee, usinipotezee muda."

Mumewe ni fundi viti, mtu mpole, vidole vyake vimejaa alama za sindano. Mwaka wa kwanza walikaa raha mustarehe. Halafu mdogo wangu akaanza maumivu chini ya kitovu, uchafu usioisha, damu kila alipokutana na mumewe. Mimba mbili zikatoka. Zahanati walimpa dawa za magonjwa ya zinaa, akazimaliza, wakampa nyingine. Mume naye akapimwa, akakutwa hana kitu. Hapo mama mkwe akapata la kusema. Mwanangu mzima, alisema, mke mgonjwa, sasa ugonjwa umetoka wapi? Maneno yakasambaa, na yule mtoto wa watu akawa hapiti dukani bila kunyooshewa kidole.

Na mimi dada yake? Afadhali ningenyamaza. Nilimkalisha jikoni kwangu nikamwambia, "Mficha uchi hazai. Nitajie huyo mwanamume, tujue pa kuanzia."

"Sina mwanamume, dada."

"Maradhi haya hayaokotwi barabarani."

Aliinuka akaenda kuosha vyombo vyangu. Miaka ikapita hivyo hivyo, mpaka mwaka huu alipokuja na sanduku lake moja. Nyuma yake likafuata neno la wakwe, kwamba Jumapili ya wiki inayofuata watakuja kumaliza habari. Kila mtu alijua maana yake. Mumewe atampa talaka mbele ya watu, na sababu itatajwa, na baada ya hapo hakuna nyumba ambayo angeingia kichwa chake kiko juu. Usiku alikuwa analia chumbani, mchana ananipikia.

Wiki ile ile kukaja barua kazini. Daktari mmoja mwanamke wa hospitali kubwa alipima watoto wa shule ya jirani, akakuta nusu yao wanakojoa damu. Alitaka mfereji upimwe upya. Bosi alinipa ile barua huku anacheka.

"Mfereji wetu safi miaka saba, Mama Konokono. Hebu mwandikie tena, aridhike."

Nikachota konokono arobaini. Kesho yake saa moja na nusu wako vikombeni, ila dirisha la kivuli lilikuwa linapakwa rangi, basi nikavipanga upande wa pili, penye jua. Kabla sijatazama, bosi akatuita kwenye kikao chake cha maneno mengi, kikatukalisha mpaka saa sita na ushei. Nilirudi nikiwa na haraka ya kuwamwaga na kuandika. Nikainua kikombe kimoja, nikakielekeza dirishani.

Maji yalikuwa na vumbi, na vumbi lenyewe linatembea.

Nilikiweka chini ya darubini. Walikuwepo, wadudu wenye mkia uliogawanyika mara mbili, wamejaa tele. Nikatazama cha pili, hakuna. Cha tatu, wamejaa. Nilipofika cha mwisho nilikuwa na vikombe kumi na vinne vyenye wadudu, na jua lilikuwa limetanda juu ya meza yote. Mungu wangu! Nilikaa sakafuni na koti langu la kazi, nikamwona mdogo wangu kwenye lile dimbwi, amefunga kanga kifuani, anakung'uta blanketi la mtu asiyemjua. Nililia kwa sauti mpaka fundi wa rangi akachungulia kuuliza kuna msiba gani.

Nilimpeleka kwa yule daktari siku iliyofuata bila kumweleza kitu, nikasema ni uchunguzi tu. Daktari alimlaza akamtazama kwa taa, hakuchukua muda. Ndani kulikuwa na mabaka ya chembechembe kama mchanga. "Hiki ni kichocho," alisema, "tena cha miaka. Mayai ya mnyoo yameganda kwenye nyama. Nani alikwambia ni zinaa?" Mdogo wangu alikuwa analia kwa furaha. Alisimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu ili ijulikane ameze vidonge vingapi, akavimeza pale pale, akarudi kuketi akitabasamu kama mtu aliyefunguliwa jela.

Daktari alinivuta pembeni. Minyoo itakufa, alisema, lakini makovu hayana dawa. Mirija imeziba. Mtoto asimtarajie. Halafu akamwita na kumwambia mwenyewe kwa upole, na tabasamu la mdogo wangu likazimika taratibu.

Bosi nilipompa vile vikombe kumi na vinne na kumweleza ya mdogo wangu, alifunga mlango wa ofisi. "Mwambie mdogo wako ni kichocho, basi," alisema. "Waambie na wakwe. Kwani lazima useme nani alikuwa anapima?" Nilimtazama kwa chuki, lakini nikatoka nimelibeba neno lake. Usinihukumu haraka. Wewe ungeanzia wapi?

Jumapili wakwe wakaja. Mama mkwe alikaa kwenye kiti changu kikubwa, mkoba mapajani, shemeji pembeni yake ameinamisha kichwa. Sikumpa mtu nafasi ya kuanza. Nilitoa cheti cha daktari, nikaeleza mfereji, nikaeleza konokono na kichocho, nikaeleza jinsi mwanamke anavyoumia humo ndani na watu wakadhani ametembea nje ya ndoa. Nilieleza vizuri, maana nimesomea. Kuhusu daftari langu sikusema hata neno moja.

Mama mkwe akasema, "Basi tumemkosea mtoto wa watu." Shemeji alikuwa ameshateremka kitini, yuko sakafuni, ameshika miguu ya mkewe.

"Nisamehe. Turudi nyumbani. Mtoto si kitu, turudi tu."

Mdogo wangu alivuta miguu yake. "Mmeniita malaya miaka mitano," alisema. "Leo karatasi imesema mimi si malaya, ndiyo mnanijua? Siendi. Nakaa kwa dada yangu. Naye alinisema, lakini ndiye aliyehangaika mpaka ukweli ukapatikana." Shemeji akageuka kwangu macho yamejaa machozi, akanishika mikono yote miwili na kunishukuru. Nikaitikia. Nasema kweli, niliitikia.

Walipokwenda tukabaki wawili jikoni. Jua lilikuwa bado linawaka nje. Alikuwa anamenya vitunguu, mimi nasuuza vikombe vya chai walivyonywea wageni.

"Dada," akasema, "unajua kuna nesi mmoja alikaribia kuujua ugonjwa huu? Mwaka wangu wa pili wa ndoa. Alikuwa na karatasi ya maswali, anauliza, anatia alama. Akaniuliza kama naingia maji ya mfereji. Nikamwambia naingia kila siku, lakini yale yanapimwa na dada yangu, hayana kitu. Nikamwambia dada yangu ni mtaalamu. Basi akalikata lile swali, akaniandikia dawa za zinaa."

Nilifunga bomba. Mwaka wa pili wa ndoa. Vidonge vile vile, asubuhi moja tu, na mirija ikiwa mizima.

"Sasa nauliza tu," aliendelea, "yale maji yaliharibika lini?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema konokono wameletwa na mafuriko, angeamini, aliniamini siku zote. Lakini alikuwa ameinua uso, kisu mkononi, ananisubiri kwa upole ule ule aliokuwa nao siku aliyoniuliza mara ya kwanza, na uongo ukanishinda.

"Hayakuharibika," nikasema. "Yalikuwa hivyo siku zote. Nilikuwa napima asubuhi, saa ambayo mdudu hatoki. Nilijua kuwa hatoki. Nilikuwa nawahi mchana kuja huku, kusimamia ujenzi."

"Huku wapi?"

"Hapa. Nyumba hii."

Alitazama ukuta wa jikoni, vigae vyake vyeupe nilivyovichagua mimi mwenyewe, akatazama dari. Aliweka kisu mezani. Nilimwomba msamaha, nilipiga magoti, nilimwambia yote mpaka ya bosi na ya kikao cha leo, kwamba hata leo nilificha. Nilipomaliza alikwenda chumbani, nikasikia zipu ya sanduku.

Nilimfuata mpaka mlangoni. "Unakwenda wapi? Kwa wale waliokutukana? Umewakataa sasa hivi, tena kwa kinywa chako!"

Alijifunga kanga, akanyanyua sanduku lake, akanipita bila kunigusa.

"Wale walikuwa hawajui, dada," akasema.