Mwenye Kizibao cha Njano

Tangu saa saba mchana Sista alikuwa amesimama kwenye njia panda, mkono wa kushoto umenyooka kuelekea lami mpya, utadhani kibao cha barabarani kilichovalishwa helmeti. Ndivyo walivyokubaliana. Pikipiki kumi, kilomita mia sita, siku moja, kuchangisha fedha ili hospitali anakofanya kazi ya uuguzi ipate gari la wagonjwa. Kwa kuwa watu kumi hawawezi kuonana muda wote, kila penye njia panda anayemfuata kiongozi husimama awaonyeshe wenzake njia, na haondoki mpaka apite mwenye kizibao cha njano. Huyo ndiye mkia. Akishapita yeye, nyuma hakuna mtu tena.

Mkia wa siku hiyo alikuwa mumewe.

Alijitolea mwenyewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu asiyenyamaza hata akiwa usingizini. "Niacheni nyuma," aliwaambia alfajiri, akivuta zipu ya kizibao juu ya tumbo lililogoma kuingia. "Huyu mke wangu dereva wa toroli la wagonjwa, akidondosha kitu nitakiokota." Wote walicheka, Sista naye akacheka. Miaka ishirini na miwili ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mapenzi ya mwanamume huyo yalikaa humo humo kwenye utani. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Siku ya harusi mawifi wa Sista walimbana aseme kama anampenda bibi harusi, naye akawajibu, "Si nimekuja?"

Sasa sita walikuwa wamepita, Sista aliwahesabu kwa vidole. Walibaki wawili, jirani yao kinyozi na mumewe. Ikapita robo saa, ikapita nusu saa. Simu haikuwa na mtandao hata wa kuombea. Lori la vitunguu likaja mbio huku likipiga honi, na Sista, kwa mazoea, akalionyesha kushoto. Dereva hakumtupia jicho. Sista akajicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Angeweza kurudi nyuma kumtafuta. Hakuna aliyemfunga kamba. Lakini kila alipoushika usukani, aliuachia tena. Akiwa hapa, mumewe amechelewa tu: pancha, au kaingia kichakani kujisaidia, au kasimama kubishana na mtu kuhusu pampu. Akirudi, huenda akakuta jambo jingine. Akabaki pale na woga wake, akihesabu dakika.

Mbali kabisa kikameta kitu cha njano.

Sista alianza hata kuandaa maneno ya kumpasha, tena makali. Pikipiki ikakaribia, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mwenye kizibao akavua helmeti. Alikuwa kinyozi.

"Shemeji," alisema.

"Yuko wapi?"

"Ameteleza kwenye kokoto, pale darajani. Kuna lori la vitunguu limembeba, limemkimbiza hospitali kwenu." Kinyozi alikuwa akizungumza na glavu zake. "Anaendelea vizuri."

Sista alikuwa na miaka kumi na minane kwenye chumba cha majeruhi. Anaendelea vizuri! Maneno hayo alikuwa ameyatumia mwenyewe, kwa sauti hiyo hiyo, kwenye simu, ili ndugu wafike bila kugonga mti njiani. Wakishafika huletewa kiti. Kaa kwanza, mama. Ndipo huambiwa. Wauguzi wapya aliwafundisha hivyo mwenyewe: habari ile haipewi mtu aliyesimama.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Mume wangu. Wakati mnampandisha kwenye lori, alisema nini?"

"Alisema... alisema anakupenda sana, shemeji. Na kwamba umalize safari."

Sista akashika tangi la pikipiki. Maskini kinyozi, nia yake ilikuwa njema. Ila katika uongo wote duniani alichagua ule mmoja usiowezekana. Angesema fundi ametukana kokoto, au kamwita mkewe dereva wa toroli, Sista angemwamini na kumshukuru Mungu. Fundi hakusema kitu. Hakuwa katika hali ya kusema.

"Nipe hicho kizibao."

"Shemeji, mkia sasa ni mimi."

"Nipe. Wewe tangulia."

Alikivaa. Kilikuwa bado na joto, lakini la mtu mwingine.

Zilibaki kilomita mia na arobaini. Asubuhi yote alikuwa akiomba wafike kabla jua halijazama. Sasa aliogopa kufika. Alikwenda mwendo wa arobaini, na kinyozi mbele yake, hana la kufanya, naye akaenda arobaini. Kila nguzo ya kilomita aliyoipita ilimwongezea hofu. Maadamu yuko barabarani, alijiambia, bado ana mume. Alitamani lami isiishe.

Ikaisha. Jua lilikuwa bado juu ya paa la hospitali. Getini palikuwa pamefungwa utepe, watu wakapiga makofi, na kiongozi wao, mwalimu mstaafu, alikuwa akihesabu kwa sauti pikipiki zinazoingia.

"Nane," mwalimu alisema, kinyozi alipopita. Kisha akakiona kizibao na aliyekivaa. "Tisa," akasema polepole, na makofi yakafifia.

Sista hakusimama kwenye utepe. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa majeruhi, akazima injini.

Muuguzi wa zamu alikuwa binti aliyemfundisha mwenyewe mwaka jana. Binti alimwona, akarudi ndani haraka, akatoka tena. Alikuwa amebeba kiti cha plastiki.

Akakiweka chini. Akafungua mdomo, akaufunga. Sista alijua kwamba binti hajawahi kuifanya kazi hii peke yake. Basi akavua helmeti, akakivuta kile kiti, akakaa.

"Haya, mwanangu," alimwambia. "Nimeshakaa."