Noti Zilizokufa

"Leta shilingi zote," Saidati aliniambia, mkono wake tayari umeingia kifuani mwangu. "Yote. Hata ile umeficha mu sutiani."

Tulikuwa tumejibanza nyuma ya kibanda cha mchoma mahindi sokoni Mahoko, na pikapu ya kuturudisha Gisenyi ilikuwa ikipiga honi. Nikamtolea. Kaka yangu wa Karagwe alinitumia zile shilingi za Tanzania kwa dereva wa lori, na dereva huyo, mwanamume mzima na ndevu zake, aliogopa kufika Gisenyi. Aliishia Mahoko akageuza. Simlaumu. Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1998, na barabara ile ilikuwa ya wacengezi, wapiganaji waliovuka kutoka Congo na kushuka milimani kusimamisha magari. Waliwatafuta watu kama mimi, sisi tuliozaliwa ukimbizini Tanzania na Uganda tukarudi baada ya vita. Vitambulisho vipya havikuandikwa kabila, basi wao wakasoma mifuko yetu. Ukikutwa na shilingi, umeshajieleza.

Saidati alikuwa jirani yangu, tena kambisti, ndivyo tunavyowaita wabadilisha pesa wa pale mpakani. Mama mnene wa Kiislamu, nusu ya ukoo wake iko Goma, mdomo mchafu, moyo mweupe. Shilingi zangu alizitumbukiza katika mkoba wake, katikati ya faranga za Burundi na shilingi za Uganda, kisha akanipa kitita cha zaire, pesa za Congo, ambazo wakati huo bado zilikuwa zinatumika Goma.

"Mi ni kambisti," alisema. "Pesa ya kila inchi iko na ruhusa ya kulala kwangu. We, hapana."

Akavua kitambaa chake cha kichwa, akanifunga kutoka tayani mpaka utosini. "Sasa uko mugonjwa ya meno. Usiseme hata neno moja. Kinyarwanda yako inanuka Karagwe."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kitambaa kikalegea, akanifunga upya huku akinitukana.

Siku hizi nina vyumba vichache vya kulaza wageni karibu na ziwa. Wanaopita kwangu wakienda kutazama sokwe huniuliza: Mama Nziza, safarini tubebe dola au faranga? Tuzifiche wapi, kwenye soksi? Nawaambia dola ziwe mpya, zisiwe na mkunjo wala mchaniko, na wasizitoe mbele za watu. Kwenye soksi, hapana. Hilo nalisema kwa ukali kuliko ninavyotaka, nao hutazamana.

Kijana aliyekaa mbele yangu siku ile, juu ya magunia ya viazi, aliitwa Jack. Alikuwa mrejea kama mimi, kutoka Uganda, akiuza betri na redio ndogo. Tangu tuondoke Mahoko alikuwa akimwambia Saidati atamuoa.

"Mahari yako iko nini, betri?" Saidati alimuuliza.

"Betri na redio yake, Mama. Utasikiliza habari bure."

Tulikuwa bado tunacheka wakati Gakwaya, dereva wetu, alipokanyaga breki. Gogo lilikuwa limelala katikati ya barabara. Wanaume wakatoka kwenye mikaratusi, wamevaa mabuti ya mpira, mmoja amevaa sweta ya kike. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mkubwa wao, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alituambia kwa Kinyarwanda, tena kwa adabu, tukae hivyo hivyo na tuvue viatu.

Soksi ya Jack ilitoa noti za Uganda, zimekunjwa mpaka zikawa ndogo kama kidonge. Yule mkubwa alizikunjua polepole, akazitazama pande zote mbili.

"Twende," alimwambia.

Jack alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, akashuka pekupeku. Walimpeleka nyuma ya mikaratusi. Risasi ilikuwa moja tu.

Nilimuwaza Nziza, binti yangu wa miaka miwili niliyemwacha kwa Verediane, jirani yetu. Nikajiuliza ni nani atakayemsimulia sura ya mama yake, maana picha sikuwa nayo hata moja. Mkubwa alirudi akasimama mbele yangu. Akapekua kitenge changu, akaona zaire, akanitazama taya.

"Mukamwana wangu," Saidati alidakia. "Meno. Usiku nzima hatulale."

Akaniacha. Akafungua mkoba wa Saidati, akachambua, na kilichobaki mkononi mwake zilikuwa shilingi za kaka yangu. Sasa alisema Kiswahili cha Goma. Bila shaka aliishi kule, kwenye kambi za wakimbizi.

"Hii ya Tanzania ni ya nani?"

"Ya kazi. Mi ni kambisti."

"Leo kila mutu iko kambisti."

Alitia mkono ndani ya shati, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na faranga za Rwanda, zile za kabla ya vita. Waliokimbilia Zaire mwaka 1994 walivuka nazo kwa magunia, ndiyo maana serikali mpya ikazifuta na kutoa nyingine. Tangu hapo haziwezi kununua hata kiberiti. Lakini zake zilikuwa safi, zimenyooka. Huko msituni alizitunza kuliko alivyoitunza ngozi yake mwenyewe.

"Bon. Badilisha hizi. Nipe dola."

Kubali, Saidati, nilisema moyoni. Mpe. Mpe na mkoba, mpe na kaburi la baba yako akilitaka! Ningekuwa mimi ningezipokea kwa mikono miwili na kumshukuru.

Saidati alichukua noti moja. Akaiinua kwenye mwanga, akaisugua kwa kidole gumba kama afanyavyo kila siku ya Mungu, akamrudishia.

"Hii ilikufa, papa," alisema. "Ilikufa zamani. Mi sinunue."

Kijana mwenye sweta alisogeza bunduki yake.

"Wengine wote wanakubali," yule mkubwa alisema. "Juzi bwana mumoja alisema iko kambisti. Akaninunulia zote, na bei muzuri."

"Huyo haikuwa kambisti."

"Ndiyo," alisema, akiitupia jicho mikaratusi. "Haikuwa."

Alizirudisha noti zake kwenye plastiki, akaukandamiza mfuko mpaka hewa ikatoka, akauweka tena ndani ya shati, upande wa moyo. Kisha akachukua mkoba mzima wa Saidati, zaire zangu na viatu vyetu vyote, akawaashiria wenzake waondoe gogo.

Njia nzima redio za Jack zilikuwa zikigongana ndani ya sanduku lake kila tulipopita shimo, na mimi nililia ndani ya kitambaa cha meno. Tulipofika Gisenyi watu walikuwa wakinunua sambaza, dagaa wa ziwani, na kubishania bei kana kwamba dunia ni nzima. Abiria walishuka. Saidati alibaki ameketi juu ya gunia.

"Mama, shuka," Gakwaya alimwambia taratibu. "Niende nikaseme habari za yule kijana."

Nilifungua kitambaa tayani. "Saidati, tumefika. Wewe una wazimu? Kwa nini hukuzichukua zile noti? Wangetuua!"

Saidati alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, ambako makambisti wenzake walikuwa wameketi na vitita vyao mapajani.

"Leta kitenge yako," alisema.

"Cha nini?"

"Nilikojoa, Kabatesi. Tangu walimupeleka Jack. Yote iko maji. Leta, na usiniangalie."

Nilivua kitenge cha juu nikampa. Alijaribu kukifunga, kikamponyoka. Akajaribu tena, kikaanguka kwenye viazi. Basi nikapanda garini, nikamfunga mimi mwenyewe, mafundo mawili, kama ninavyofunga mtoto mgongoni.