Maneno ya Kukanyagwa Lyamkena

Kwa miaka minne Kokila Solanki aliuza mabati, misumari na rangi katika duka la baba yake Lyamkena, mjini Makambako, na watu walimjua kwa hayo tu. Wachache mno walijua kwamba jioni, duka likishafungwa, aliingia stoo ya nyuma kukatakata kokwa za parachichi.

Kokwa hizo alizipata bure kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta nje ya mji wa Njombe, ambako zilirundikwa kama taka. Alizianika hadi zikakauka kabisa, kisha akazipeleka kwa Dorosela, mwenye mashine ya kusaga. Siku ya kwanza Dorosela alimsalimu kwa Kibena, ameshika kiuno.

"Kamwene, Koki. Hii ni dawa au sumu? Watu wanakula sembe ya mashine hii."

"Ni rangi, dada. Mashine nitaiosha mwenyewe."

Akaiosha kweli, hadi vidole vikafa ganzi kwa baridi ya Juni. Unga ulitoka mwekundu kama tofali lililoiva. Akauongezea vumbi la chai, magome ya miti ya miwati yaliyotwangwa, mkaa na chokaa. Kwa vitu hivyo alichora rangoli, yale maua na nyota za unga ambazo familia za Kihindu huchora chini mlangoni kumkaribisha mgeni na kuita heri, hasa siku za Diwali. Alifundishwa na bibi yake, ambaye nyumbani wote walimwita Ba. Ba alichora kwa sembe na binzari kila sikukuu, watu wakapita juu ya michoro mchana kutwa, na kesho yake akafagia bila kinyongo.

Baba yake, mzee Harshad, hakuona ubaya, mradi iwe sikukuu. "Pambo ni la siku moja, binti yangu. Duka ni la siku zote."

Kokila alitaka hilo la siku moja liwe kazi yake ya siku zote. Mwezi huohuo akaomba nafasi katika maonesho ya wasanii mjini Njombe, akapewa kipande cha sakafu ya ukumbi karibu na ukuta. Alipiga magoti siku mbili, akachora nyota kubwa. Watu walisimama, wakainama, wakanusa, wakauliza kama kweli ile ni chai. Kisha akaja Mwalimu Anold, aliyefundisha uchoraji chuoni miaka mingi na sasa alikuwa mhakiki wa sanaa katika gazeti moja la kila wiki. Alizunguka mara mbili, mikono nyuma, akaondoka bila kuuliza neno.

Jumatano gazeti lilifika Makambako. Kokila alilisoma akiwa amesimama kaunta.

"Binti Solanki ametuletea pambo la mlangoni kwa Wahindi. Vumbi na kokwa si sanaa. Pambo la mlangoni hukanyagwa likasahauliwa. Na Njombe haimo humo."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomchoma. Kuitwa vumbi angeweza kuvumilia. Lakini baba yake alizaliwa hapahapa mkoani Njombe, naye pia, na Ba huongea Kibena na wauza viazi zaidi kuliko anavyoongea Kigujarati na nduguze wa Iringa.

"Nilikuambia," mzee Harshad alisema, akilikunja gazeti ili wateja wasilione. "Nyamaza tu, litapita."

"Halitapita, Pappa. Litapitiwa."

Siku ya gulio aliamka alfajiri, kabla upepo wa Makambako haujaanza fujo zake. Akachanganya unga wake na uji mwepesi ili ushike ardhi, akapiga magoti mbele ya duka, pale wote wanapopita kwenda sokoni. Hakuchora ua hata moja. Aliandika maneno yote ya Mwalimu Anold, herufi kubwa za urefu wa hatua ya mtu mzima, na jina la mwandishi chini yake. Kuyazunguka akatia pindo la chai na chokaa.

Mzee Harshad alipofungua mlango alishika kichwa. "Unatuanika mbele ya mji mzima!"

"Ameshatuanika yeye. Mimi nimetandika tu."

Dorosela alifika wa kwanza, beseni kichwani. Akasoma taratibu, midomo ikichezacheza. "Kwa hiyo nipite wapi?"

"Pita katikati. Kanyaga."

Akakanyaga. Wakafuata wanawake wenye magunia ya viazi, wanafunzi, mwendesha guta aliyelipitisha gurudumu moja kwa moja juu ya "si sanaa". Wengine walirudi nyuma ili wakanyage tena. Picha zikaruka simuni hadi Njombe, na saa sita mchana Mwalimu Anold akashuka kutoka basi la Njombe.

Umati ukampisha. Kokila akainuka, magoti mekundu.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu, pita."

"Marahaba. Unawakanyagisha watu maneno yangu?"

"La mlangoni hukanyagwa. Umeandika mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Kokila akachota konzi ya unga, akamwekea kiganjani.

"Hizo kokwa ni za Njombe. Chai ni ya Luponde. Miwati imekatwa msitu wa Kibena. Sasa nionyeshe mahali ambapo Njombe haimo. Au aliyekosekana ni mimi?"

Mwalimu aliusugua unga kwa kidole gumba, akaunusa. "Hilo nilikosea," alisema kwa sauti ya chini, lakini waliokuwa karibu walisikia. Kisha akamkazia macho. "Ila nikuulize. Ile nyota ya ukumbini, mistari ilikuwa ya nani?"

Kokila alijifuta unga viganjani. "Ya bibi yangu."

"Niliona. Mkono ulikuwa unakumbuka tu, haukuwa unatafuta. Hilo sikosei, wala silifuti."

"Usilifute. Lakini lile la kwanza andika kwamba ulikosea."

"Siandiki kwa kuamriwa, binti."

"Basi kosa lako nitaliandika mimi hapa, kila siku ya gulio."

Akaondoka akipitia pembeni, asiguse hata herufi moja. Wiki tatu Kokila alipiga magoti palepale, na neno la mistari ya bibi likawa linamkereketa kila aliposhika unga. Wiki ya nne gazeti likatoa sahihisho la mistari miwili, bila pongezi. Siku hiyohiyo mchungaji Elieza alikuja kumwomba apambe uwanja wa kanisa kwa sikukuu ya mavuno. "Si mapambo ya Ba," Kokila alimwonya. "Sijui bado yatakuwaje." Mchungaji akasema atasubiri aone.

Mzee Harshad alisikiliza yote akiwa nyuma ya kaunta.

"Na Jumatatu," akauliza, "duka atafungua nani?"

"Si mimi, Pappa."

Alitarajia ugomvi. Mzee aliuchukua ufunguo wa duka uliokuwa shingoni mwa binti yake kwa miaka minne, akautia mfukoni, akasema atafungua mwenyewe, naye aondoe kokwa zake stoo, maana mabati mapya yanakuja. Kokila akazibeba gunia kwa gunia hadi uani, akaziacha juani.