Ndoo ya Kutemea

Mkunga hakuwa mtu wa kuona haya. Kazi ilimwondolea haya zamani, tangu siku aliyovaa aproni ya plastiki na kuingia wodi ya wazazi. Alishatapikiwa, alishatukanwa na wanawake wapole kabisa ambao baadaye walimletea keki kumwomba radhi, na yote hayo aliyapokea huku akiuliza kama kuna mtu amemwekea chai. Alikuwepo mtu mmoja tu duniani aliyemfanya afiche hata mwayo, naye ni mume wa binti yake.

Si kwamba mkwe huyo alikuwa mbaya. Laiti angekuwa mbaya! Mtu mbaya unamnunia, mnagombana, maisha yanaendelea. Huyu alikuwa fundi wa lifti, mrefu, mpole, na heshima zake hazikuwa na kituo. Mkunga akiingia sebuleni, anasimama. Akitoka, anasimama tena. Mezani alikula vijiko vitatu akasema ameshiba, na baadaye mkewe akamfuma jikoni akitafuna mkate mkavu. Na kwa kuwa heshima huambukiza kuliko mafua, Mkunga naye akienda kwao alikaa wima kama anayesubiri kupigwa picha, viatu miguuni, magoti yakimwuma, huku akisema hapana asante, hapana asante, mpaka aliporudi kwake na kujitupa kitandani kama aliyetoka zamu.

Sasa wawili hao walitaka ahamie kwao. Alikuwa akikaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, jambo lililomwuma mkwe kuliko lilivyoyauma magoti yenyewe, na mwenye nyumba alitaka kujua kabla ya mwezi kwisha kama anabaki au anaondoka. Binti aliuliza kila siku. Mkunga akajibu kila siku, "Nafikiria." Hakuwa akifikiria lolote. Alikuwa akiogopa. Alimpenda binti yake, na alikuwa amechoka kula peke yake, lakini kumaliza maisha yake akiwa amevuta tumbo ndani, hilo hapana. Na utamwambiaje mwanao kwamba kosa la mumewe ni adabu?

Hapo ndipo ikaja zawadi. Siku ya kuzaliwa kwake mkwe alimkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na kadi ya duka la mvinyo: watu wawili, Jumamosi alasiri, kuonja mvinyo sita pamoja na mwenye duka. Mkunga alishangaa, akamvuta binti pembeni. Kumbe siku ya harusi yao yeye Mkunga alinusa glasi yake akamnong'oneza jirani kwamba inanukia plamu zilizolala kabatini, na bwana harusi, ambaye siku hiyo ungedhani hana macho wala masikio ila kwa bibi harusi, alisikia na kuliweka moyoni. Hilo lilimgusa. Lingekuwa jambo rahisi sana kama lisingemgusa.

Nyuma ya kadi, mwenye duka alikuwa ameandika maombi yake: usijipake manukato, usile kitunguu saumu, shika glasi kwa shina lake, usimwambie jirani anachoonja kabla hajaonja mwenyewe. Na tafadhali tema. Kutema hapa si utovu wa adabu, ndiyo adabu yenyewe. Mkunga akafanya mazoezi kwenye sinki kwa chai baridi. Alichafua bomba, akachafua pazia na ukuta, lakini aliona si neno. Anakwenda na binti yake, watacheka.

Jumamosi asubuhi binti akapiga simu akiongea puani.

"Mama, mafua yamenikamata. Pua haipitishi kitu, nitaonja nini mimi? Atakwenda mume wangu."

"Nani?"

"Mume wangu, Mama. Kwani una mkwe mwingine?"

Mkwe alimpitia kwa teksi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, tai shingoni, na hakunukia chochote, hata sabuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amelala, Mama."

Hapo mazungumzo yakakata roho, na hayakufufuka mpaka dukani.

Chumba cha kuonjea kilikuwa nyuma, kimejaa rafu za chupa hadi darini. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, mkate uliokatwa, majagi ya maji, na kwa kila wageni wawili, ndoo moja ndogo ya bati. Moja, kwa watu wawili! Mkunga aliitazama kama mtu anavyotazama choo kisicho na mlango.

Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, aliwamiminia kila mmoja funda dogo la mvinyo mweupe. Akawaonyesha: tazama rangi, tikisa kidogo, nusa, piga funda, uzungushe mdomoni. Kisha akainama, akatema mstari mwembamba uliotua katikati ya ndoo bila tone kuanguka nje. Bwana mmoja aliyejifunga skafu hakungoja wenzake hata wainue glasi, akatangaza kwamba yeye anasikia asali na moshi.

"Itunze kidogo siri yako, bwana," mwenye duka akamwambia kwa upole, "wenzako nao wana ndimi zao."

Watu wakaonja, wakatema. Mkwe akameza. Mkunga alimwona kwa pembe ya jicho, naye akameza vilevile. Utatemaje mbele ya mama mkwe? Na utatemaje mbele ya mkwe?

Wa pili wakameza. Wa tatu ulikuwa mzuri hasa, unanukia majani yaliyokatwa asubuhi, na Mkunga alitamani kumwambia mtu, lakini aliyekuwa karibu ni yule yule. Akameza pamoja na maneno yake. Kila mkate ulipopita, mkwe alisogeza sahani nzima upande wa Mkunga, yeye asichukue hata kipande, na ungemwuliza angesema ameshiba. Kufika wa nne masikio ya Mkunga yalikuwa yanawaka moto. Akageuka kumtazama mwenzake.

Rangi ile aliijua. Ndiyo rangi ya waume wanaosimama kando ya kitanda cha uzazi wakisema niko sawa, sista, niko sawa, halafu unawaokota sakafuni. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na macho yalikuwa yakitafuta kitu cha kushika. Huyu atakufa na tai shingoni, Mkunga akawaza. Atameza mpaka glasi ya sita, na akianguka ataomba ruhusa kwanza. Ilibidi mmoja wao akose adabu, na ilionekana wazi nani hataweza.

Mvinyo wa tano ulikuwa mwekundu. Mkunga akapiga moyo konde, akajaza mdomo, akainama, akatema kwa nguvu zake zote.

Ndoo haikupata kitu. Mvinyo wote ulitua kwenye mkono wa shati la mkwe, kuanzia kifungoni mpaka kiwikoni.

Bwana wa skafu akabaki na glasi hewani. Mkunga akaomba ardhi ipasuke immeze, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya kumeza. Mkwe akautazama mkono wake. Akaitazama ndoo. Mabega yakaanza kumtikisika, na Mkunga akadhani analia, kumbe anacheka. Hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko chembamba chenye mkoromo mwishoni, hakikufanana naye kabisa.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "umeikosa ndoo."

"Nimeona, baba. Na ilivyokaa hapo mbele yangu!"

"Unaachia mdomo sana. Bana midomo, ulimi nyuma ya meno. Hivi."

Akapiga funda, akainama, akatema. Mstari mmoja, katikati ya ndoo.

"He! Umejifunzia wapi?"

"Mbegu za tikiti, utotoni. Mtaani kwetu hakuna aliyenifikia." Alisema hivyo kwa majivuno, yeye ambaye hata saa ukimwuliza hujibu kwa kuomba radhi.

"Na muda wote huo unameza?"

"Sasa ningetemaje mbele yako, Mama?"

"Na mimi nilikuwa nameza kwa sababu yako!"

Mwenye duka akaleta kitambaa na sahani nyingine ya mkate. Mkwe akaula wote. Hakusema ameshiba. Mkunga akavua viatu chini ya meza, akafundishwa kutema kwa maji mpaka akaipata ndoo, na mezani wakampigia makofi. Ulipofika mvinyo wa sita, alingoja mpaka mkwe alipoonja, kama kadi ilivyoomba, ndipo akamwuliza anasikia nini.

"Kutu," mkwe akajibu baada ya kufikiri. "Lakini kutu nzuri. Kama shimo la lifti mvua ikinyesha."

Ilikuwa kweli kabisa. Mkunga akanusa tena, akafurahi kuliko alivyotarajia.

Walipopanda ngazi hadi kwake, alifungua bomba la jikoni, akajaza beseni maji baridi.

"Vua shati, baba."

"Nitalifua nyumbani, Mama."

"Doa la mvinyo halisubiri mtu. Vua."

Akalivua, akakaa kitini na fulana ya ndani, mikono mapajani. Mkunga akalizamisha shati, akasugua kwa muda bila kugeuka.

"Mwambie mke wako nakuja," akasema. "Lakini sikai nyumba moja na mtu anayejinyima chakula kwa ajili yangu."

Nyuma yake kiti kikalia.

"Na mimi nina ombi, Mama."

"Sema."

"Nikikosea, uniambie mimi mwenyewe. Huwa naambiwa na mke wangu, 'Mama alisema hivi,' nami najiuliza kwa nini hukuniambia. Mama yangu mzazi alikuwa akinigombeza uso kwa uso, hadi anakufa. Sijagombezwa tangu wakati ule."

Mkunga aliendelea kusugua mahali ambapo doa lilishatoka. Kisha akageuka, mikono ikimchuruzika maji, akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Hiyo fulana ina tundu la kupita mtoto mchanga. Huoni haya? Itupe."

"Sasa, Mama, nitarudi nyumbani nimevaa nini?"

"Utangoja shati likauke," akasema Mkunga. "Una haraka ya kwenda wapi?"