Wanaume Watupu

Fundi aliikataa safari ile, akabembelezwa, akaikataa tena. Alikuwa fundi bomba, mtu wa makamo mwenye mikono mizito na ulimi mwepesi, lakini tangu mkewe afariki hata ulimi ulikuwa umeingia kutu. Mkewe ndiye aliyekuwa na wazimu wa ziwa. Kila mwaka, kazi zilipofungwa, aliwasomba wote, baba na watoto, akawapeleka kwenye nyumba zile zile za kupangisha kando ya maji, nyumba ndogo za matofali, kila moja na jiko lake na baraza lake. Huko alikuwa haoshi hata kijiko. Alikaa barazani miguu juu ya stuli, akiwatuma wanaume wake kama msimamizi wa kiwanda, nao wakatumika kwa raha zao zote. Alipofariki, hakuna aliyelitaja tena ziwa.

Mwaka uliofuata wanawe wakamjia juu. Mkubwa walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha watu udereva. Wa kati walimwita Nesi, muuguzi wa wodi ya watoto. Na mziwanda, Kibonge, mwoka mikate, jitu la miraba minne ambalo hata likinyamaza linajaza chumba.

"Baba, tutaozea humu ndani," Nesi alisema. "Twende tukamkumbuke mahali alipokuwa anacheka."

Hapo Fundi akakosa pa kutokea. Wakaenda.

Mapokezi hayakuwa yale waliyoyazoea. Wenyewe wa zamani walikuwa wameshauza. Kuta zilinukia rangi mpya, kulikuwa na kaunta ya kioo, na nyuma ya kaunta alisimama meneja kijana ambaye shati lake lilinyooka kama lilipigwa pasi akiwa amelivaa. Aliwakaribisha kwa bashasha, akatupa jicho mlangoni nyuma yao, akangoja kidogo.

"Na mama yuko kwenye gari?"

Mwalimu ndiye aliyejikaza. "Kwa nini?"

Meneja akakigeuza kibao kilichokuwa juu ya kaunta ili wakisome. Familia na wanandoa tu. Makundi ya wanaume hayapokelewi.

"Samahanini sana, hatupokei wanaume watupu."

"Watupu vipi? Mbona tumevaa?" Kibonge akasema.

Siku nyingine wangecheka. Meneja alitoa tabasamu la kazini. "Msinielewe vibaya, ndugu zangu. Wamiliki walishaumia. Vijana walikuja kusherehekea, wakavunja milango, wakasumbua mabinti wa watu. Tangu hapo kila nyumba lazima iwe na mwanamke mtu mzima."

"Huyu ni baba yetu," Nesi alisema. "Baba na wanawe si familia?"

"Ni familia, kaka, sikatai. Lakini kila kundi linalokuja hapa linaniambia ni ndugu. Nitawajuaje? Mkiwa na mama, hilo halina mjadala."

Fundi alifungua mdomo. Neno likafika kwenye meno, likakwama. Kule mtaani hakuwahi kuhitaji kulisema. Waliolijua ndio waliobeba jeneza. Sasa alitoe hapa, juu ya kioo, kwa mtu asiyemjua, kama anayeonyesha kitambulisho mlangoni?

"Mama anakuja," Kibonge akasema.

Wote wakamgeukia.

"Amepitia kwa dada yake. Atafika jioni."

Uso wa meneja ukachanua. "Si mngesema mapema! Karibuni, karibuni sana." Akamkabidhi Fundi ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima ya mtu mwenye mke. Fundi akaupokea. Angeweza kuusukuma urudi. Mkono wake ulijifunga wenyewe, ukautia mfukoni.

Nyumba waliyopewa haikuwa ile yao ya siku zote, ila baraza lilikuwa lile lile na maji yalionekana vile vile. Chumbani kwa wazazi kitanda kilitandikwa kwa ajili ya watu wawili, mito miwili imesimama bega kwa bega, na chini yake jozi mbili za ndara, moja kubwa, moja ndogo. Fundi alizitazama zile ndogo, halafu akazisukuma uvunguni kwa mguu.

Sebuleni vita vilikuwa vimeanza.

"Umemfufua mama ili upate kitanda," Nesi alikuwa akisema.

"Ningefanyaje? Turudi nyumbani kama mbwa waliofukuzwa?"

"Ungenyamaza!"

"Nyote mlinyamaza! Kunyamaza kwenu kulitusaidia nini?"

"Basi," Fundi alisema kutoka mlangoni. "Tumeshaingia. Pikeni."

Walipika kwa kununa. Lakini jiko lile lilikuwa dogo, nao walikuwa wakubwa, na mtu huwezi kununa vizuri huku unamkanyaga nduguyo. Mwalimu akaunguza wali. Moshi ukajaa, Nesi akakimbilia dirisha, na Kibonge akaishika sufuria nyeusi, akatikisa kichwa.

"Mama akifika akaikuta hii, tumekwisha."

Kisha Mwalimu akaangua kicheko, kile cha kukunja tumbo, na wengine wakafuata. "Mtasugua mpaka muone sura zenu," Nesi akamwigiza mama yao, mkono kiunoni, na alimpatia hasa. Kuanzia hapo hawakuzuilika tena. Kiti kile kiachieni, mama atakikalia. Usimalize embe zote, mama je? Walikuwa wanatania, na wote walijua wanatania. Tangu msiba walikuwa wanamtaja kwa sauti ya chini, marehemu hivi, marehemu vile. Jioni ile alikuwa mama tu, amechelewa.

Fundi aliketi barazani akiwasikiliza, na kifua chake, kilichokaza mwaka mzima, kikalegea. Gari likapita kwenye barabara ya changarawe. Akainua shingo kulitazama. Lilipokwisha kupita ndipo alipotambua alichokuwa akikifanya, akaona aibu, ingawa hakuna aliyemwona.

Jua halijazama, meneja akapita akikagua taa za njiani.

"Mama bado?"

"Atachelewa kidogo," Fundi akasema. "Dada yake akimshika kwa mazungumzo, hamwachii."

Maneno yalitoka yamenyooka, bila kukwaa. Na yalikuwa kweli. Dada yake alikuwa hivyo hasa. Meneja akacheka, akasema wanawake ndivyo walivyo, naye Fundi akakubali kwamba ndivyo walivyo.

Asubuhi hapakuwa na kicheko. Wakiwa mezani na chai, meneja alibisha hodi, na nyuma yake, kwenye njia, alisimama mama mmoja wa nyumba ya jirani, mikono kifuani. Alikuwa na mabinti wawili, na alikuwa amewazuia wasitoke kwenda majini.

"Baba, wageni wenzenu wana wasiwasi," meneja alisema kwa sauti laini kama mafuta. "Wanaona wanaume wanne, hawaoni mama. Mimi sina neno. Mpigie simu tu, nimsalimie, nikawatulize."

Kibonge alianza, "Simu yake imeisha cha—"

"Nyamaza," Fundi alisema.

Akasimama. Alihisi macho ya wanawe mgongoni.

"Hapigiki. Mke wangu alifariki. Tulimzika mwaka jana."

Yule mama wa jirani alishusha mikono. Meneja naye alinywea, na kwa muda mfupi alionekana kijana kweli, kijana aliyekanyaga kaburi bila kujua. Fundi aliuona muda huo, akautumainia. Ulipita.

"Kwa hiyo mlinidanganya," meneja alisema.

"Tulikudanganya."

"Mimi niliwaamini, baba. Niliwapa ufunguo kwa mkono wangu. Mngeniambia ukweli tangu jana, sisi ni binadamu, tungezungumza."

"Mngetupokea?"

Meneja akatazama viatu vyake. "Tungezungumza."

Hilo ndilo lililomkaa Fundi rohoni kuliko yote. Hangejua kamwe. Pengine kijana yule angewahurumia, pengine angewafukuza na rambirambi juu. Sasa hakuwa hata na haki ya kukasirika. Walikuja wakiwa wafiwa. Waliondoka wakiwa waongo.

Walifungasha bila kusemezana. Mabinti wa jirani walichungulia dirishani, mama yao akavuta pazia. Meneja aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Hakuwa mtu mbaya, na huenda ndiyo maana alitaka kusema neno la kuwafariji kabla hawajaondoka. Akainama kwenye dirisha la Fundi.

"Poleni sana kwa msiba, baba. Mungu akikujalia ukioa tena, karibuni. Nitawapa nyumba ile ya mbele kabisa."

Nesi, aliyeketi kando ya baba yake, alishafungua mlango, ngumi imekunjwa. Fundi akamdaka kiuno kwa mkono ule wa kukaza mabomba. "Ingia kwenye gari."

"Baba, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Ingia."

Njiani Kibonge alilia, na kilio cha mtu mkubwa kiasi kile kililitikisa gari zima. Aliomba msamaha, akasema ni kosa lake. Hakuna aliyemwambia si kosa lake.

"Jana jioni nilikuwa namsubiri," Fundi alisema, macho mbele. "Msinitanie tena vile."

Mwalimu aliongeza sauti ya redio kidogo, akaendelea kuendesha.

Miezi ikapita. Mwalimu akaoa, harusi ikafana, Fundi akacheza mpaka soli ikaachia. Wiki baada ya harusi Kibonge alimkuta baba yake jikoni kwa mteja, kichwa ndani ya kabati la sinki, akamwonyesha simu. Ilikuwa picha. Mwalimu na mkewe barazani, maji nyuma yao, nyumba ya mbele kabisa. Bibi harusi alikuwa na stuli chini ya miguu.

"Mkewe ndiye aliyechagua, eti Mwalimu ameshindwa kumkatalia," Kibonge alisema. Alikuwa anahema kwa hasira. "Kampa mkono yule meneja, baba. Kampa mkono! Mpigie umwambie."

Fundi aliitazama picha. Mwanawe alikuwa amenenepa kidogo. Alionekana mwenye furaha, na hilo lilimchoma Fundi mahali ambapo hakuwa na namna ya kupafikia.

"Nimwambie nini? Yeye sasa ni familia."

Alimrudishia simu, akaomba spana ndogo, akaingiza tena kichwa kabatini. Bomba lilikuwa linavuja mahali pa mbali, na alikaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.