Anwani Moja Nisiyoitambua

Bosi alifunga mlango wa ofisi yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Fundi, mafaili ya wagonjwa yanatoka nje. Taa za modemu zinacheza hata watu wakiwa kwenye chai. Na binti yake Mama Faili ameanza kazi kliniki ya jirani. Niletee ushahidi kufikia Ijumaa, nimwandikie barua ya kumwachisha kazi."

Mama Faili alikuwa ametunza kumbukumbu za kliniki yetu ya macho kwa miaka kumi na tisa. Siku yangu ya kwanza kama fundi wa kompyuta hapo, miezi minne nyuma, ndiye peke yake aliyenivutia kiti.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mezani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna kama uliyeng'olewa jino?"

Huku akisema hivyo alibonyeza kitu upesi, na ukurasa uliokuwa mbele yake ukatoweka. Nilijifanya sikuona. Kwenye kompyuta yake nilifungua dirisha jeusi la amri, nikaandika netstat, nikaiagiza ijirudie kila sekunde tano. Orodha ya anwani zote ambazo kompyuta ile ilikuwa ikizungumza nazo ikaanza kushuka.

"Sinema gani hii isiyo na picha?"

"Ya upelelezi, mama," nilijibu, nikajuta papo hapo.

Anwani nyingi nilizijua: printa, seva yetu ya kumbukumbu. Moja sikuitambua. Ilikuwa ya nje, na ilikuwa imeunganishwa. Sekunde tano, bado ipo. Mama Faili akaenda kuchukua chai, bado ipo. Nikawaza, kumbe ameiacha imfanyie kazi akiwa hayupo! Nikakumbuka simu anazopokelea koridoni, na daftari dogo analolifungia kwenye droo. Hata kile kiti nilianza kukitilia shaka: labda alitaka kunivuta upande wake mapema.

Nilianza kuandika ripoti. Nilipofika kwenye maneno "Aliyehusika ni", vidole viligoma. Orodha ilikuwa imenionyesha anwani tu. Jina nililijaza mimi, kichwani mwangu.

Nikairudia amri, safari hii nikiongeza herufi moja, ile inayotoa namba ya programu iliyofungua kila muunganisho. Nikaitafuta namba hiyo kati ya programu zilizokuwa zikiendeshwa. Jina lake nililisoma mara mbili.

Ilikuwa programu ya kumsaidia mtu kwenye kompyuta yake ukiwa mbali. Niliiweka mwenyewe wiki yangu ya kwanza, ili Mama Faili akikwama nimsaidie kutoka mezani kwangu, watu wa mapokezi wasimcheke. Nilikusudia ikae siku moja, kisha nikaisahau. Kila kompyuta ilipowashwa, nayo iliamka, ikapiga hodi kwenye seva yake huko nje, ikaningoja; ndiyo iliyochezesha taa za modemu. Rekodi yake ilionyesha kwamba hakuna aliyewahi kuingia ila mimi.

Mama Faili alirudi na vikombe viwili.

"Umempata mwizi?"

Niligeuka kumtazama.

"Bosi hanisalimii tangu Jumatatu. Nafanya kazi kliniki ya macho, mwanangu, nitashindwaje kuona?" Alifungua droo, akanipa daftari. Lilijaa michoro ya kibodi, na kila kidole na herufi zake. "Hiki ndicho ninachokificha. Miaka yote hii nachapa kwa kidole kimoja. Binti yangu ananifundisha kwa simu, na mazoezi nafanya kwenye kompyuta hii. Naona aibu."

"Mama, kinachotoka nje ni programu yangu ya kukusaidia. Nilisahau kuiondoa."

Alinisogezea kikombe kimoja.

"Kunywa chai kwanza," alisema. "Ukitoka kwa Bosi haitapita kooni."

Nilichapisha ile orodha, nikaiondoa programu, na anwani ikapotea. Kisha nikamalizia ripoti: aliyehusika ni mimi.

Niliingia kwa Bosi na karatasi zangu. Aliashiria kwa kidole niufunge mlango. Niliuacha wazi, nikaanza kusoma kwa sauti.