Mlango wa Kushoto wa Pikapu ya Barnaba

Ule mlango wa kushoto niliufunga mara arobaini, na mara arobaini ukanikatalia. Ukibana raba juu, chini unaacha uwazi wa kupitisha kidole. Ukibana chini, juu unagoma. Miaka kumi na tisa nanyoosha bodi za magari hapa Viwanja Sitini, halafu pikapu ya mwaka sabini na nne inanidhalilisha mbele ya wateja!

Mwenyewe ni Mama Levina. Marehemu mumewe, Barnaba, aliitumia kubebea mpunga mpaka siku alipougua, kisha ikaozea bandani. Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu yake huko Mahenge, na mama alitaka kufika kaburini ndani ya gari lile, si lingine. Sharti lake lilikuwa moja: vumbi lisiingie, maana kifua chake kinabana. Nami kwa kiherehere changu nikaapa kwamba halitaingia.

Hadi Ijumaa mchana nilikuwa nimelegeza bawaba, nimezikaza, nimebadilisha raba mbili, nimepiga msasa ukingo mpaka rangi mpya ikabanduka. Wapi! Nikatupa bisibisi, nikautukana mlango na ukoo wake wote.

Mama Levina akaingia, amejiziba pua kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Huu mlango si wa gari hili. Mzee aliuokota mahali."

Akalizunguka gari, akachungulia nyuma. "Mbona tupu?"

"Sasa mama, nipime mlango na mizigo?"

"Wendelin, miaka thelathini Barnaba hakuliendesha tupu. Hata kanisani tulikwenda na magunia. Mara moja tu alipolijaribu tupu, mlango huo ulipiga kelele njia nzima."

Nilitaka kubisha, nikainama kwanza kutazama chini ya gari. Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imepinda kufuata mzigo wake, nami nimeipima ikiwa juu ya mawe, tupu, kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mimi na mafundi wenzangu tukaishusha, mama akaagiza mchele kutoka mashine ya jirani. Tulipopakia gunia la nane, nikausukuma mlango kwa kidole. Ukafunga. Raba ikalala juu na chini, hata unyasi haupiti.

Mama akapanda, akajifungia mwenyewe, akateremsha kanga. Akavuta pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka, sijui ya furaha au ya hasira.

Akashusha kioo kidogo. "Mchele huu nawaachia ndugu zake Mahenge."

"Na kurudi, mama?"

"Kurudi utakaa nyuma wewe na mafundi wenzako saba. Beba kitambaa cha pua."